Mto wa Mgomba katika Kiti cha Mwalimu Kerubo

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile mjini Kisii, huwajibu kwamba nilitengeneza mahali pa watu kuweka makalio. Wengine hucheka, wengine hubadilisha mazungumzo. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa fundi wa viti vya magari, hasa magari ya zamani, yale ambayo wenyewe huyapenda kuliko yanavyostahili. Nimeacha kwa sababu ya magoti, na kwa sababu ya kidole gumba cha kulia, ambacho kimebana koleo mpaka sasa hakijui tofauti ya moto na baridi. Siku hizi nakaa nyumbani Gesima na kuchuma chai kidogo. Nyinyi vijana mnaojifunza kazi hii mnakuja kuniuliza maswali, na mengi nimeyajibu haraka haraka kwa sababu kikapu cha chai kilikuwa kinaningoja. Afadhali niyaandike.

Kwanza, msikimbilie kisu. Kiti cha gari la zamani hufunguliwa polepole, kuanzia chini. Kipindue, utaona pete ndogo za waya zilizoshika kava kwenye fremu. Zikate moja moja. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Sisi hatukuwa na simu za picha, tulichora kwa chaki sakafuni, na mvua ya saa nane ikiingia chini ya mlango ilifuta kila kitu. Kava likitoka, usilitupe hata kama limeoza. Fumua mishono yake, andika nambari nyuma ya kila kipande, kisha utumie vipande hivyo kukatia kava jipya.

Ndani utakuta vitu. Mimi nimekuta vitana, jino la bandia, na kiota cha panya kilichojengwa kwa kurasa za kitabu cha nyimbo. Nimekuta pia bahasha ya sadaka ikiwa bado imefungwa. Ile bahasha nilimrudishia mwenyewe mbele ya mke wake, ambaye kumbe alikuwa ameambiwa kwamba sadaka ilitolewa zamani. Tangu siku hiyo vitu vya ndani ya kiti nilivirudisha faraghani.

Sikuanza na viti. Nilianza na nguo. Nilikuwa na cherehani yangu Ogembo, nikishona sare za shule na magauni ya harusi, na sikuwahi kukata kitambaa kabla ya kumpima mtu. Shikeni hilo, nitalirudia. Siku moja akaja Mzee Ochieng', mtu wa upande wa ziwa aliyekuwa na karakana ya viti Kisii mjini. Mshonaji wake alikuwa amehama. Alichukua gauni nililokuwa nimemaliza, akaushika mshono wa kwapa, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

"Wewe utashona viti," akasema.

Sikukumbuka kuulizwa. Wiki iliyofuata nilikuwa karakanani kwake, na kuanzia hapo akaniita nyar Gesima, yaani binti wa Gesima, hata baada ya mimi kupata wajukuu.

Nilidhani angenipa cherehani. Alinipa springi. Miezi ya kwanza sikushona chochote, nilifunga kamba tu. Kamba ya katani inatoka springi hii kwenda ile, mbele kwenda nyuma, kushoto kwenda kulia, halafu mshazari, mpaka ukibonyeza moja na jirani zake zinashuka nayo. Ukiilegeza, springi moja itajitenga na kumchoma mteja pabaya. Ukiikaza kupita kiasi, umetengeneza benchi. Springi iliyovunjika usiichomelee. Chuma chake kikishapata moto hupoteza nguvu, na itavunjika tena karibu na pale pale. Tafuta nyingine inayolingana nayo kwa unene na urefu. Mimi nimewahi kuzitoa kwenye vitanda vikuukuu vya bweni, na kuna bwana mmoja mheshimiwa sana ambaye mpaka leo anaendesha gari akiwa amekalia kitanda cha mwanafunzi wa kidato cha pili.

Juu ya springi hulazwa gunia la katani, ili springi zisile sponji. Katika mwaka wangu wa kwanza gunia hilo liliisha, na mimi nikatumia gunia la nailoni la mbolea. Nilijiona mjanja. Gari lilikuwa la mchungaji mmoja wa upande wa Nyamira. Alirudi baada ya wiki moja akiwa amekunja uso.

"Dada," akaniambia, "nimeenda matanga. Nikikaa kiti inalia. Nikiinuka inalia. Wafiwa wameanza kucheka."

Mzee hakunigombeza. Alinipa koleo, akavuta stuli, akakaa kunitazama nikizikata pete zote nilizozifunga mwenyewe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kuhusu sponji, najua mtindo wenu wa sasa. Mnatoa springi, mnaziuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, mnajaza sponji ngumu, mnamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa gari la kubebea mizigo sigombani na nyinyi. Gari la zamani lilitengenezwa ili springi zibebe uzito na sponji ilainishe tu, na ukiondoa kimoja kingine hakitafanya kazi ya viwili. Sponji nzuri ukiiminya inarudi pamoja na kidole chako. Mbaya inarudi ikifikiri. Ikate kwa kisu cha mkate chenye meno, na uikate kubwa kuliko kava kwa unene wa kidole, ndipo ijaze pembe. Gundi ipake pande zote mbili, uiache mpaka ukiigusa isinate mkononi, kisha uunganishe mara moja bila kubahatisha, kwa sababu haitakupa nafasi ya pili. Kava likikataa kuingia, funika sponji kwa karatasi ya nailoni, kava litateleza, halafu uvute nailoni itoke. Mikunjo inayobaki itoe kwa mvuke wa birika. Vitabu vinasema uanike juani, lakini walioviandika hawakuwahi kukaa Kisii.

Hayo yote niliyajua vizuri siku gari la Mwalimu Kerubo lilipoletwa. Ndiyo maana nawasimulia habari yake.

Mzee Ochieng' alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao ziwani, na karakana nilikuwa naiendesha mimi. Mwalimu Kerubo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa huko Ikonge, mjane, mwanamke mfupi sana mwenye sauti ndefu. Alikuwa na gari dogo la Kiingereza la milango miwili, rangi ya maziwa, alilolinunua akiwa kijana na kuliendesha mwenyewe wakati ambapo wanawake waliokuwa wakiendesha upande ule ungewahesabu kwa mkono mmoja. Injini ilikuwa imekufa, na gari lilikuwa limekaa miaka kadhaa chini ya banda pamoja na kuku. Aliyelileta ni mwanawe, Nyakundi, mtu wa Nairobi, mrefu, mpole, anayependa magari ya zamani. Injini ilikuwa imeshatengenezwa.

"Nataka irudi vile ilitoka kiwanda," akaniambia, na kunionyesha picha kwenye simu. "Kila kitu. Nataka mama akiiona alie."

Akaongeza kwamba ana marafiki watatu Nairobi wenye magari ya namna hiyo, na wakiipenda kazi yangu watakuja. Kwa fundi wa Kisii hilo si jambo dogo. Nilikuwa nimechoka kushona viti vya magari ya abiria. Niliitaka sana kazi hiyo.

Nilipofungua kiti cha dereva nilikuta kitu cha ajabu. Juu ya gunia la katani, chini ya sponji iliyokwisha kuwa unga, palikuwa na mto ulioshonwa kwa turubai, na ndani yake majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba na kukazwa mpaka yakawa magumu. Ulikuwa mnene nyuma na mwembamba mbele. Chini ya fremu palikuwa na vipande viwili vya mbao. Mshono wa turubai niliufahamu, ulikuwa wa Mzee Ochieng'. Nikacheka. Nilimwita jirani yangu, fundi wa rangi, aje aone.

"Huyu mzee alikuwa anajaza viti na ndizi," nikamwambia.

Nilidhani ulikuwa umaskini wa siku ambazo sponji haikupatikana. Kiti cha abiria hakikuwa na mto wala mbao, na hilo pekee lingenitosha kama ningekuwa nafikiri. Nilikuwa natazama picha ya kiwandani. Mbao nilizing'oa, na mto niliutia kwenye jiko la chai ya saa nne. Uliwaka vizuri.

Nilizifunga springi upya, zote. Nikakata sponji ya safu mbili, ngumu chini na laini juu. Kava nililishona kwa mifereji ile ile ya asili, yaani mistari iliyotuna kama matuta, na mstari mweupe wa pembeni ukanyooka. Nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kutengeneza kiti kizuri kuliko kile. Mwalimu alipokuja kulichukua gari hakulia, lakini alipitisha kiganja juu ya kava mara mbili na kunishika mkono. Alipogeuza gari kutoka uani, nyuma ya kioo cha mbele niliona kitambaa chake cha kichwa tu, juu ya usukani. Nilipunga mkono. Nilifurahi sana siku ile.

Baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, gari lilirudi likiendeshwa na Nyakundi. Taa moja ilikuwa imevunjika na ubavu wa kushoto umekwaruzwa wote. Alikuwa amelileta kwa jirani yangu wa rangi. Mwalimu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

"Ni macho," Nyakundi akaniambia kando. "Amegonga nguzo ya gate. Halafu juzi, mkokoteni ya ndizi. Mwenyewe aliruka kwa mtaro, bahati yake. Jumapili naenda na gari Nairobi. Sitaki kuitwa niambiwe mama ameua mtu."

"Yeye anasemaje?"

"Ananyamaza tu. Hiyo ndiyo inaniumiza."

Nilienda kumsalimia. "Bwakire buya, Mwalimu."

"Buya mono," akaitikia. Kisha akatazama mbele. "Umeskia nimekuwa kipofu?"

"Macho yako yako aje?"

"Biblia nasoma bila miwani. Chai nikichuma naona jani na jani. Lakini nikikaa hapo mbele, naona steringi tu. Labda ni uzee. Nyakundi amesema atatafuta kijana wa kunipeleka kanisa. Nitakuwa nabebwa. Mimi, kubebwa."

Hakulalamika. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya darasa, na mimi nikakumbuka kile kitambaa cha kichwa juu ya usukani.

Nilizunguka nyuma ya karakana nikampigia simu Mzee Ochieng'. Masikio yake yalikuwa yameanza kumwacha, kwa hiyo fundi wa rangi, aliyenifuata huko, alisikia kila neno. Nilimweleza gari, rangi yake na mwenyewe.

"Ah, yule mwalimu mfupi!" akasema. "Ule mto ungali imara?"

"Niliuchoma, Mzee."

Nilimsikia akivuta stuli na kukaa.

"Nyar Gesima," akasema, "wewe si ulikuwa unashona nguo? Ulipima mtu, ama ulipima gari?"

Alinieleza kwamba siku Mwalimu aliponunua lile gari, alikaa kwenye kiti na kidevu kikafika usukani. Kila fundi alimwambia aweke mto wa sebuleni. Yeye Mzee alimketisha juu ya meza, akampima kutoka makalio hadi macho na kutoka goti hadi kisigino, na akafanya kazi siku nne. Alitumia mgomba kwa sababu ukikazwa haudidimii, na sponji ya wakati ule ilididimia. Mbao aliziweka ili kiti kiinuke, na upande wa mbele wa mto aliufanya mwembamba ili mapaja yasibanwe na miguu ifike chini.

Nilirudi ndani na kusimama karibu na cherehani. Ningeweza kunyamaza. Nyakundi alikuwa ameridhika na viti. Aliamini ni macho, mama mwenyewe alikuwa ameanza kuamini, na jirani yangu wa rangi hakuwa mtu wa kusema. Wale marafiki watatu wangekuja. Sitawadanganya kwamba sikufikiria. Nilifikiria kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kilichonisukuma ni kwamba nilimwona Mwalimu kupitia dirishani akijaribu kuuchomoa ufunguo wake wa gari kwenye pete moja na ule wa nyumba, ili ampe mwanawe.

Nikaenda kwao wote wawili.

"Mwalimu, usitoe huo ufunguo," nikasema. "Si macho yako. Ni mimi." Nikawaeleza mto, mbao, na jiko la chai. Nyakundi akatazama ubavu wa gari.

"Kwa hivyo ulichoma kiti ya mama yangu ukapika chai?"

"Ndiyo."

"Mimi ndio nilisema irudi vile ilitoka kiwanda," akasema polepole, akijiambia mwenyewe kuliko kuniambia mimi. Lakini hakuwa amekubali. "Na ukirekebisha na bado agonge?"

"Basi utaenda na gari. Nipe mpaka kesho kabla ya jua kutua. Sabato ikiingia mimi sishiki koleo."

Mwalimu hakusubiri jibu lake. Alikuwa ameshashuka na kuukaza ule ufunguo mahali pake.

Nilimketisha juu ya meza ya kukatia, nikatoa futi ya kushonea iliyokuwa imelala kwenye droo tangu Ogembo. Nilimpima makalio hadi macho, goti hadi kisigino, mgongo hadi goti. Kisha nikampima akiwa ndani ya gari, mguu ukiwa umekanyaga klachi mpaka mwisho, kwa sababu hapo ndipo mtu mfupi huteleza mbele na kupotea. Kwa muda mrefu nilikuwa nimepima fremu na mashimo ya boliti, na nilikuwa stadi kwelikweli wa kupima chuma.

Kava langu zuri nililifungua lote. Badala ya mgomba nilitumia ile sponji nzito ya vipande vilivyogandishwa pamoja, ambayo haididimii, nikaichonga nene nyuma na nyembamba mbele. Chini ya fremu nikarudisha mbao mbili za mvinje. Springi za mbele nikazilegeza kidogo na za nyuma nikaziacha. Kava halikutosha tena, nikakata ubavu mpya. Mstari mweupe wa pembeni haukunyooka kama mwanzo, na niliuacha hivyo. Ijumaa saa tisa nilifunga pete ya mwisho.

Uani mwetu hapakuwa na nguzo za kugonga, na Nyakundi hakutaka jaribio la barabarani. Nikasimamisha matofali mawili marefu ya sponji, moja huku na moja kule, nikaacha upana wa geti lake la Ikonge, jinsi Nyakundi alivyonihesabia kwa hatua.

"Ukigonga, hakuna kitu itavunjika," nikamwambia Mwalimu.

"Isipokuwa mimi," akasema.

Alipita katikati akienda mbele. Sponji hazikutikisika. Akasimama, akatia gia, akageuza shingo, akapita akirudi nyuma. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu Nyakundi mwenyewe alikuwa amezisogeza karibu zaidi, na alipoona zimebaki zimesimama aligeuka upande wa ukuta na kujifuta uso kwa mkono. Yeye ndiye aliyelia, si mama.

Mwalimu aliteremsha kioo. "Nyakundi, ingia. Jua linashuka na mimi siendeshi Sabato imeingia."

Akaingia kiti cha abiria, kile cha kiwandani, magoti yakamfika kifuani. Akaanza kusema kwamba kiti chake kiko chini sana. Mama yake akamwambia afunge mkanda.

Kati ya wale marafiki watatu alikuja mmoja. Kabla ya kufungua hata pete moja nilimwambia apande mezani nimpime, na alidhani nina wazimu. Futi ninayo bado, nimeitundika mlangoni, na yeyote kati yenu akija aichukue.

Lakini siku ile nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa karakana, mikono imejaa gundi, gari la rangi ya maziwa likigeuka kuingia barabara ya Nyamira. Safari hii nyuma ya kioo niliona uso wote, kitambaa, macho na kidevu. Na yeye aliniona, akapiga honi.